Injini ya A kwenye mwinuko wa Dodoma: kipi ubadilishe nyumbani, na kwa mpangilio gani

Toyota Corolla na Carina nyingi za miaka ya 1990 zinazotembea Dodoma zina injini za ukoo mmoja, unaoitwa A: 5A-FE ya cc 1,498, 4A-FE ya cc 1,587 au 7A-FE ya cc 1,762. Bloku ni ya chuma, hedi ni ya alumini, na nafasi ya kuingiza mkono ipo. Mtu makini mwenye spana kamili na subira anaweza kufanya kazi nyingi za injini hizi uani kwake. Malalamiko ya wenye magari nayo yanafanana: gari zito, halivuti, linachemsha likipanda Nyang'oro kuelekea Iringa, linakula oili. Hapo ndipo ushauri unapomiminika: funga filta ya wazi, weka ekzosi pana, nunua plagi za bei kubwa, tupa injini ulete ya mtumba.

Msimamo wetu ni huu: pima, rudisha kilichopotea, ndipo ufikirie kuongeza. Injini yenye miaka 25 au 30 imepoteza nguvu nyingi kuliko utakayoweza kuinunua dukani.

Hewa nyepesi na geji inayodanganya

Dodoma iko karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa hapa ni kama asilimia 87 ya ile ya Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo (turbo, kisukuma hewa) huvuta hewa iliyopo tu, kwa hiyo zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake huachwa pwani, hata ikiwa mpya. Hakuna plagi wala filta itakayoirudisha. Injini hizi za EFI, yaani zinazopimiwa petroli na kompyuta, zina sensa inayopima presha kwenye manifodi na kupunguza petroli ipasavyo, hivyo mchanganyiko haukosewi. Gari la kabureta ndilo linalokunywa petroli kupita kiasi likifika huku, na tiba yake ni jeti kuu ndogo kidogo. Kukaza skurubu ya hewa hakusaidii, kwa sababu skurubu hiyo inahusika na sailensa tu, yaani mzunguko wa injini ikiwaka bila kukanyagwa mafuta.

Mwinuko huohuo unaharibu hukumu ya geji ya kompreshani, yaani presha ambayo silinda inaibana hewa. Vitabu vya Toyota vya 4A-FE vinataka 191 psi (kipimo cha presha) kwa injini nzima, na 142 psi kama kiwango cha chini kabisa, huku tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 14 psi. Namba hizo ni za usawa wa bahari. Kwa hewa ya Dodoma, injini nzima kabisa itasoma kama 167, na ule mpaka wa chini unashuka hadi kama 124. Injini inayosoma 140 kwenye silinda zote nne hapa Dodoma imechoka kiasi, lakini haijafa. Zipo injini za namna hiyo zinazopasuliwa bure kwa sababu mtu alisoma kitabu akasahau yuko wapi.

Kipimo chenyewe kina masharti. Injini iwe ya moto. Betri iwe na nguvu, kwa kuwa stata ikizunguka kivivu namba zote zinashuka. Toa plagi zote nne, chomoa soketi ya distributa ili moto usipige, na uzime nozeli za petroli kwa kuchomoa soketi zake. Mwenzio akanyage mafuta hadi mwisho ili koo la hewa libaki wazi, kisha azungushe stata mpaka mshale uache kupanda, kwa kawaida mizunguko mitano au sita ya silinda hiyo. Kosa linalofanyika zaidi ni kusahau kukanyaga mafuta. Hewa haiingii, geji inasoma 90, na mwenye gari anaanza kutafuta injini ya mtumba.

Silinda ikiwa chini, tia kijiko kimoja cha chai cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Ikipanda sana, ringi zimekwisha. Isipopanda, vali hazifungi vizuri, na kabla ya kutoa hedi pima nafasi ya tapeti za vali kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), injini ikiwa baridi: upande wa kuingiza hewa unatakiwa 0.15 hadi 0.25 mm, na ekzosi huhitaji nafasi kubwa kidogo zaidi. Vali ya ekzosi iliyobanwa haikai sawasawa kwenye kiti chake, huvuja, na huishia kuungua. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi ya hedi imekatika kati yake.

Namba hizo nne ziandike mahali. Ndizo zitakazokuambia kama kazi zinazofuata zina faida au unapaka rangi nyumba inayobomoka.

Maji: nyuzi tatu tu kati ya uzima na kuchemsha

Kama una fedha ya kazi moja tu mwaka huu, ielekeze hapa.

Maji ya wazi hapa Dodoma huchemka kwenye kama nyuzi 96 za Selsiasi, si 100. Themostati ya injini hizi huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84. Swichi ya feni huamrisha feni iwake kwenye nyuzi kama 93. Hesabu mwenyewe: mfuniko wa rejeta ukiwa umekufa na haushiki presha, kati ya feni kuwaka na maji kuchemka unabaki na nyuzi tatu. Mfuniko mzima wenye namba 0.9 unapandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 116. Kipuri cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mfumo huu kinabeba nyuzi 20 za usalama, na ndicho kinachodharauliwa. Raba yake ikiwa ngumu, imechanika au imebonyea, badilisha, na uweke chenye namba ileile. Mfuniko wa presha kubwa zaidi hautaongeza ubaridi. Utapasua hosi kuukuu na matangi ya plastiki ya rejeta.

Cha pili ni maji yenyewe. Sehemu kubwa ya maji ya mji huu hutoka visima vya Mzakwe kwenye bonde la Makutupora, na kila anayechemsha chai anaijua chokaa inayoganda ndani ya birika. Chokaa hiyohiyo hujenga ukuta ndani ya mirija ya rejeta na kuzunguka silinda, ikazuia joto kutoka. Tumia kolanti. Ikiwa ni ya kuchanganya, iwe nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Ikiwa imeandikwa iko tayari, usiiongeze maji. Mfumo mzima unabeba takriban lita 5 hadi 6. Kolanti hupandisha kiwango cha kuchemka, huzuia kutu na huilinda pampu. Ni sumu, nayo ina ladha tamu. Mbuzi, mbwa au mtoto akiinywa anaweza kufa, kwa hiyo ikingie beseni na usiiache uani.

Rejeta ya zamani yenye chokaa nyingi haifai kusuguliwa kwa asidi kali nyumbani. Asidi hula alumini ya hedi kabla ya kumaliza chokaa. Hili ndilo badiliko tunalolihesabu kuwa uboreshaji wa kweli kwa Dodoma: rejeta mpya, na kama nafasi iko, yenye safu mbili za mirija badala ya moja. Hakikisha tundu za hosi, vishikio na nafasi ya feni vinalingana, na kwa gari la otomatiki, kwamba ina njia za kupoza oili ya gia.

Themostati. Kuitoa na kuitupa ni desturi iliyoenea, na ni kosa. Bila hiyo injini hukaa baridi barabarani, sensa huiambia kompyuta kwamba injini haijapata moto, kompyuta huongeza petroli, na petroli ya ziada huosha oili kwenye kuta za silinda. Ringi zinakwisha mapema. Zaidi ya hapo, kwenye injini nyingi za Toyota themostati ndiyo inayoziba njia ya mkato ya maji moto. Ukiitoa, sehemu ya maji moto hurudi kwenye injini bila kupita rejeta, na gari huchemsha zaidi kwenye mlima. Ijaribu kwenye sufuria ya maji jikoni. Ianze kufunguka kabla maji hayajachemka, na yakichemka iwe imefunguka angalau milimita 8. Unapoifunga, kile kitundu chenye kidude kinachochezacheza kikae juu, maana ndiko hewa hutokea.

Feni jaribu hivi: washa swichi bila kuwasha injini, kisha chomoa waya wa swichi ya joto. Kwenye magari haya feni inatakiwa izunguke mara moja, kwa sababu swichi hiyo hukata umeme ikipata joto, haiunganishi. Isipozunguka, tafuta fyuzi, rilei au mota. Kuunga feni moja kwa moja kwenye swichi ya gari kunaficha tatizo na kuchosha mota.

Baada ya kujaza, washa injini mfuniko ukiwa wazi, hita ikiwa kwenye joto la mwisho, pua ya gari ikiwa juu kidogo. Ongeza maji yanaposhuka, mpaka feni iwake mara mbili na mapovu yaishe. Hewa iliyobaki ndani ya hedi ndiyo inayoua gasketi mpya. Mshale wa dashibodi nao usiuamini peke yake. Maji yakikauka, sensa hubaki kwenye mvuke, na mshale unaweza kushuka wakati hedi inaungua. Gari likichemsha njiani, zima, subiri angalau nusu saa, usifungue mfuniko wa moto wala kumwaga maji baridi kwenye injini. Hedi ya alumini hupinda, na ikipinda zaidi ya 0.05 mm ukiipima kwa rula iliyonyooka na fila geji, haifai kufungwa tena kabla ya kuchongwa.

Vumbi

Kiangazi cha hapa ni kirefu, na nje ya lami vumbi ni la mchanga laini. Mchanga ni mgumu kuliko chuma cha silinda. Ukipita filta, unasaga ringi kama msasa. Kwa hiyo filta ya wazi ya umbo la koni, inayouzwa kama chombo cha kuongeza nguvu, hatuipendekezi hata kidogo huku. Sauti yake ni kubwa, lakini huvuta hewa ya moto ya ndani ya boneti, na kila nyuzi 10 zinazoongezeka kwenye hewa inayoingia hupunguza hewa hiyo kwa kama asilimia 3. Mwinuko umeshachukua sehemu yake. Usiuongezee.

Baki na boksi la asili na filta ya karatasi. Filta ikague kila kilomita 5,000 kama unatembea barabara za vumbi, na usipitishe 15,000 bila kubadilisha. Kisha fanya kipimo ambacho watu wachache hukifanya: futa kidole ndani ya bomba la hewa baada ya filta. Ukikuta vumbi, hewa inapita pembeni. Sababu huwa klipu za boksi zilizovunjika, raba ya filta isiyo ya kipimo, au mpira wa bomba uliopasuka kwenye mikunjo. Mpira huo ukipasuka baada ya filta, filta ya gharama yoyote haina kazi.

Hapohapo toa vali ndogo ya kupumulia ya kwenye kava la tapeti, uitikise. Ikilia, ni nzima. Ikiwa kimya imeziba, presha ya ndani itasukuma oili kupitia sili na gasketi, na utabadilisha sili mpaka uchoke.

Oili: watu hununua galoni la lita 4 na kulimimina lote. Injini hizi hubeba kati ya lita 3 na 3.7 kufuatana na aina, pamoja na filta. Ikizidi, krenki huipiga ikawa povu, na povu halilainishi. Mimina lita 3, washa, zima, subiri, pima kwa kijiti, ongeza kidogo kidogo.

Moto wa plagi

Misi nyingi (silinda kukosa kuwaka) za injini za A huanzia kwenye mashimo ya plagi. Sili za mirija ya plagi zilizoko chini ya kava la tapeti hukauka, oili inajaa shimoni, na moto unarukia pembeni badala ya kwenye ncha. Ukikuta oili humo, badilisha sili na gasketi ya kava kwa pamoja, pamoja na waya za plagi zilizolowa. Waya pima kwa multimita. Unaozidi kilo-omu 25 tupa. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2, silinda ya kwanza ikiwa upande wa belti.

Plagi soma namba yake. Kwa NGK na Denso, 11 mwishoni humaanisha mwanya wa 1.1 mm. Fuata namba iliyoandikwa kwa injini yako. Mwanya mkubwa kupita kiasi huichosha koili kuukuu. Zikaze kwa mkono mpaka zikae, kisha Nm 18 kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Hedi ni ya alumini, na nyuzi zake zikichanika, akiba yako ya plagi nzuri inageuka gharama ya kuvalisha nyuzi mpya. Plagi za iridiamu hudumu muda mrefu. Kwa injini isiyotengenezwa kwa ajili yake, nguvu haziongezi kiasi cha kuhisi.

Taiming ya moto hurekebishwa injini ikiwa ya moto na katika sailensa, ukiwa umeunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya kwenye kiboksi cha uchunguzi chini ya boneti. Taa ya taiming ionyeshe digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu kabisa. Ukimaliza, ondoa waya huo. Hewa nyepesi hupunguza kugonga, ndiyo maana baadhi ya mafundi wa bara huisogeza mbele digrii mbili tatu na gari likachangamka. Lakini ukishuka na mzigo kwenda Morogoro na Dar, hewa inakuwa nzito, injini inaanza kugonga kama kokoto ndani ya debe, na pistoni ndizo zinazolipa. Anayesafiri pwani mara kwa mara abaki kwenye 10.

Taiming belti

Toyota inatoa kilomita 100,000. Kwa gari usilojua historia yake, ihesabu imekwisha. Habari njema ni kwamba 4A-FE na 5A-FE belti ikikatika, vali hazigongi pistoni. Gari linazima tu, ingawa linaweza kuzima usiku kati ya Mtera na Iringa.

Nunua kwa mkupuo mmoja belti, puli ya kukaza na springi yake, sili ya krenki na sili ya kamshafti. Wota pampu huzungushwa na belti ya nje, lakini kuitoa kunadai ufungue sehemu ya kava zilezile, hivyo ibadilishe siku hiyo hiyo.

Ondoa waya hasi wa betri, inua gari na uliweke kwenye stendi (jeki peke yake haitoshi kamwe), toa tairi la mbele kulia, plagi, belti za nje na kava la tapeti. Zungusha krenki kwa mwendo wa saa mpaka alama ya puli ilingane na 0 kwenye kava, na tundu dogo la puli ya kamshafti lilingane na alama ya kofia ya beringi. Tundu lisipoonekana hapo, zungusha krenki duara moja zima. Shikilia injini kwa jeki yenye ubao juu yake, chini ya karta (bakuli la oili), kabla ya kutoa mauntini ya kulia, yaani kishikio cha injini. Bila ubao karta itabonyea na kuziba mdomo wa pampu ya oili.

Belti ikishavaa, upande usio na puli ya kukaza uwe umenyooka bila kulegea. Legeza bolti ya puli ili springi ivute yenyewe, zungusha krenki duara mbili kamili kwa mkono, rudi kwenye alama. Zikilingana, kaza bolti ya puli Nm 37, kisha ya puli ya krenki Nm 118. Ikiruka jino moja, gari litawaka, litatembea, halitavuta, na utalaumu kila kitu isipokuwa belti. Duara hizo mbili za mkono ndizo zinazokuokoa.

Lini kupasua, lini kubadilisha

Kama kompreshani iko chini ya mpaka na kijiko cha oili kiliipandisha, ringi mpya kwenye silinda iliyochakaa ni kazi ya miezi michache. Silinda ichongwe, na ivalishwe pistoni za ovasaizi (kubwa kidogo kuliko za asili), na kazi hiyo si ya uani. Kama tatizo ni hedi tu, unaweza kuitoa na kuirudisha mwenyewe baada ya kuchongwa: bolti za hedi hukazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, Nm 29 kwanza, kisha digrii 90, kisha digrii 90 tena. Chora alama ya rangi kwenye kichwa cha kila bolti ili uione imezunguka kiasi gani.

Mwenye 5A anayetaka nguvu zaidi kwa kweli, njia yenye maana ni kupanda hadi 4A au 7A ya mtumba. Ni ukoo mmoja, na vitu vingi vinalingana, ila ichukue pamoja na kompyuta na waya zake. Omba ipimwe kompreshani kabla ya kulipa, na ukumbuke namba za Dodoma. Injini ikiwa bado iko sakafuni, kabla haijapandishwa kwenye gari, ibadilishe taiming belti, wota pampu na sili zote. Kazi ya siku nzima ndani ya boneti huwa ya saa mbili injini ikiwa juu ya matairi mawili. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo tunza risiti ya manunuzi na upeleke badiliko hilo TRA kabla ya kuliingiza gari barabarani.